Karatasi Inakatika kama Kaukau: Rudi Sufuriani Kwanza

Dada mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, alikuja kwangu asubuhi na karatasi kumi na mbili, kazifunga kwenye kanga utadhani kabeba mayai. Kazitengeneza mwenyewe kwa magugumaji aliyoyavuna ufukweni Luchelele. Akaweka moja mezani, akaikunja pembe ili nione. Ikalia ta! Pembe ikabaki mkononi mwake.

"Mwalimu, wavu nimebadilisha mara mbili," akasema. "Hata pa kuanikia nimehamisha. Wapi!"

Nikamuuliza aliyachemsha kwa muda gani.

"Nusu saa hivi. Mkaa ulikata."

Basi, ugonjwa tukawa tumeupata, na haukuwa kwenye wavu wala kwenye kamba. Karatasi ya mkono ndivyo ilivyo: unakosea Jumatatu jikoni, kosa linakuja kuonekana Ijumaa kwenye kamba, na wewe unahangaika na kamba. Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili, maana dalili ndiyo uliyoishika mkononi, lakini kila mara tutatembea kinyumenyume: kuanika, kukamua, kulaza, kuchota, kutwanga, kusuuza, kuchemsha, hata kuvuna.

Maneno machache tuelewane. Rojo ni nyuzi za mmea zilizokwisha kutwangwa, zikielea ndani ya maji. Fremu ziko mbili: ya chini ina wavu, ya juu ni tupu, kazi yake ni kuwekea karatasi mpaka. Kuchota ni kuzizamisha zote mbili ndani ya beseni na kuziinua zikiwa na rojo juu. Kulaza ni kuigeuzia karatasi mbichi juu ya kitambaa ibaki pale, wewe uondoke na fremu yako.

Inakatika, inamong'onyoka, haina nguvu

Usiendelee kuikunja, ichane. Chana polepole kipande cha upana wa vidole viwili, kisha uelekeze juani ule ukingo uliochanika. Mimi nauamini ukingo huo kuliko maelezo ya mwenye karatasi.

Ukiona vijiti, yaani vipande vigumu kama nyasi kavu vilivyonasa humo ndani, malighafi haikuiva. Nyuzi za mmea zimeshikizwa pamoja na lignini, kitu kile kile kinachoufanya mti usimame. Maji matupu hayaitoi. Yanataka magadi: gramu 200 kwa kila kilo moja ya malighafi iliyokauka, halafu moto wa saa mbili hadi nne. Narudia, iliyokauka. Gugumaji bichi karibu lote ni maji. Kilo 10 ulizopanda nazo mlima hazikupi hata kilo moja zikikauka, na ukipima magadi kwa uzito wa bichi utakuwa umezidisha zaidi ya mara kumi na kuzichosha nyuzi kabla hazijafika kwenye kinu. Tena muda ulioandikwa vitabuni umeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzijoto 96 badala ya 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye sufuria ya saa tatu utaiona. Funika, na uongeze muda.

Kuiva kunapimwa kwa vidole. Toa shina moja, lisuuze, livute kwa urefu na kwa upana. Likiachana lenyewe kama nyama ya supu, epua. Likigoma hata kidogo, ongeza mkaa, na kama mkaa umekata kweli, acha yalale humo humo hadi kesho uendelee. Kuchemsha mara mbili si dhambi.

Kuhusu sufuria yenyewe: nyingi tulizonazo majumbani ni za alumini, na magadi yanaila alumini. Utaona povu lisiloisha, rojo linageuka kijivu, na baada ya wiki chache sufuria ya ubwabwa inavuja kwenye tako. Lililonikuta mimi lilikuwa sufuria la harusi la mama mkwe, kwa hiyo naomba uniamini. Tafuta ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka, chemshia nje penye hewa, na ikishaingia magadi ya karatasi isirudi kwenye chakula. Kostiki ya watengeneza sabuni inaivisha haraka kuliko magadi, lakini inaunguza ngozi na kupofusha macho. Mwanafunzi simpi.

Sasa, pengine ukingo wako hauna vijiti. Una nywele ndefu, zinachomoka nzima bila kukatika. Hapo nyuzi ni nzima ila hazikushikana. Watu huniuliza natumia gundi gani. Hakuna gundi. Nyuzi hizi ni selulosi, na selulosi zikisogeleana sana huku maji yanatoka katikati yao, zinashikana zenyewe. Kutwanga kunazichubua mpaka zitoe vinyweleo vya kushikania, kukamua kunazisogeza. Ukiruka kutwanga, hakuna vinyweleo. Ukiruka kukamua, vinyweleo vipo lakini viko mbalimbali, na karatasi inakauka ikiwa laini kama pamba ya dukani, unaipuliza inatikisika.

Waholanzi katika karne ya 17 walitengeneza mashine ya kutwangia, chombo kirefu chenye gurudumu la visu linalozungusha rojo, na studio nyingi duniani zinaitegemea hadi leo. Sisi tuna kinu. Wala sikisemi kwa unyonge: mchi unaponda bila kukata, na ndicho tunachokitaka. Mimi natwanga dakika 40 hadi saa nzima kwa kinu kimoja, kiganja kimoja au viwili vya nyuzi kila mara, na maji kidogo tu. Ukimaliza, chukua kidole cha rojo, tia kwenye chupa ya maji safi, tikisa, tazama juani. Ikiwa kama ukungu wa asubuhi, sawa. Ukiona vifundo na mikia, rudisha kinuni.

Aina ya tatu ni ukingo uliokatika safi, hauna nywele hata moja, vumbi linabaki vidoleni. Mtuhumiwa ni blenda. Visu vyake vinafupisha nyuzi, na nyuzi fupi hazina la kushika. Ukilazimika kuitumia, weka rojo kidogo kwenye maji mengi, bonyeza sekunde chache, acha, bonyeza tena. Mtuhumiwa wa pili ni karatasi za ofisini zilizorudishwa majini: nyuzi zake zimeshapita kiwandani, na kila mzunguko zinachoka. Za kuongezea, ndiyo. Za kutegemea, hapana.

Na magugumaji yenyewe nayo yana lawama yake. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaonekana ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kila mwenye wazo anataka kuutengenezea kitu, kuanzia vikapu hadi viti. Karatasi yake ni nzuri kwa macho, ya kahawia yenye mng'ao, ila peke yake inakuwa kavu na yenye kiburi. Mimi naichanganya: theluthi moja mkonge au pamba. Mkonge unapatikana kwenye kamba chakavu. Ukate kwanza urefu wa kucha, la sivyo utajifunga kama nywele kwenye mfereji wa bafuni. Pamba naitoa kwenye mashuka ya mitumba pale sokoni Mlango Mmoja. Chomoa uzi mmoja uuchome: ukinuka karatasi inayoungua na kuacha jivu, ni pamba, ukiyeyuka na kufanya kishanga kigumu, mwachie muuzaji shuka lake. Shina la mgomba linatoa karatasi ngumu inayolia ukiitikisa, lakini usilitwange kupita kiasi.

Kabla hatujaondoka hapo: ukienda kuvuna, vaa gambuti na glavu. Kichocho kipo ufukweni, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na ndiko magugumaji yanakojibanza.

Ina madonge, ukiitazama juani ina mawingu

Sababu ya kwanza ni uroho. Rojo limejazwa beseni mpaka limekuwa uji. Anza na gramu 50 za nyuzi kavu kwa lita 10 za maji, ukiona karatasi nyembamba mno ongeza kikombe kimoja kimoja. Sababu ya pili ni kusahau kukoroga. Nyuzi zinatua, koroga kwa mkono mzima kabla ya kila mchoto, si kila baada ya mitatu, na fremu ikishatoka majini itikise mara moja mbele nyuma, mara moja kulia kushoto, kisha iache. Ukiendelea kuitikisa baada ya maji kushuka unaipasua.

Ukiyafanya yote hayo na mkonge bado unafungamana, tumia mlenda.

Sitanii. Mafundi wa Japani hutia kwenye beseni utelezi unaotoka kwenye mizizi ya mmea wanaouita tororo-aoi, ambao ni ndugu wa bamia. Utelezi haugundishi kitu. Unayafanya maji yawe mazito kidogo, nyuzi zinaelea mbalimbali bila kukumbatiana, na maji yanashuka taratibu kupita wavuni, unapata muda wa kutikisa. Sisi bamia tunazo sokoni mwaka mzima. Nakata tano au sita, naloweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji baridi, asubuhi nachuja kwa kitambaa na kutia nusu kikombe kwenye lita 10 za rojo. Usizichemshe, na usitie magadi kama unavyopika mboga, unataka utelezi wa mbichi. Joto linauharibu, uliotengeneza jana na kuuacha juani leo ni maji tu.

Mara ya kwanza nachuja bamia kwa ajili ya karatasi, bibi wa jirani alinitazama juu ya ua, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kama nimefulia nguo kwa mlenda. Nikamchotea karatasi moja mbele yake. Akaishika, akaigeuza, akasema: "Mjukuu, kumbe tunakula dawa ya shule."

Haitoki kwenye wavu, au inatoka nusu

Kwanza angalia kitambaa cha kulazia. Kikiwa kikavu, hakiinyonyi karatasi, kinaikataa. Kiloweshe na ukikamue kidogo. Blanketi la zamani la sufu linashinda vyote. Chini yake weka tabaka mbili tatu za kitambaa kilichokunjwa ili kati pawe na kitumbo, maana fremu inalazwa kwa kubingirishwa: ukingo mmoja unagusa, unabonyeza, unainuka upande wa pili, kama mtu anavyopiga muhuri wa mbao. Wanaoanza wanaibandika yote kwa pamoja na kuinyanyua wima. Hewa inanasa, karatasi inapasuka katikati.

Kama pembe zinatoka ila katikati inabaki, wavu umelegea. Kama katikati inatoka na ukingo unabaki, basi fremu imepinda. Ya kwangu ya kwanza ilipinda ndani ya wiki tatu, nikairudisha kwa fundi.

"Fundi, hii imekuwa mtumbwi."

"Mbao zilikuwa mbichi, bosi. Na wewe hukuniambia itashinda majini."

Kweli sikumwambia. Mwambie fundi wako tangu mwanzo kwamba fremu itaishi ndani ya maji: mbao kavu, skrubu zisizoshika kutu, na isipigwe misumari. Wavu wa dirisha wa plastiki unatosha kabisa kujifunzia. Wa chuma utakuletea kutu, na wa dagaa unapitisha rojo lote, nimejaribu.

Karatasi iliyochanika wakati wa kulaza haina haja ya kuliliwa. Igeuze irudi kwenye beseni, koroga, chota upya. Hakuna kazi ya sanaa yenye huruma kama hii, mfinyanzi akikosea tanurini hana pa kurudi.

Vijiduara vyembamba, kama mtu kadondosha machozi juu yake

Na wazungu wa kazi hii huyaita hivyo hivyo, machozi. Ni matone yaliyodondoka kutoka mikononi mwako au kwenye ukingo wa fremu ya juu juu ya karatasi mbichi. Inua fremu ya juu ikiwa imelala usawa, iondoe kwa upande, futa mikono. Basi.

Inajikunja, inajipinda, inakauka kama ngozi ya ngoma

Hapa ndipo Mwanza inapotutesa.

Nyuma ya nyumba yangu, kama nyuma ya nusu ya nyumba za mji huu, kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilipoanza niliona nimepata bahati: jiwe safi, pana, la moto, la bure. Nikabandika karatasi kumi saa tatu asubuhi. Saa tano nilipopanda kuzitazama, kila moja ilikuwa imejiviringa kama mdalasini, mbili zimeshuka na upepo mpaka kwa jirani. Jiwe lilikuwa limezikausha upande wa chini kwa dakika chache huku upande wa juu bado una maji. Selulosi ikinywa maji inavimba, ikikauka inasinyaa. Upande unaotangulia kukauka unasinyaa kwanza na kuvuta ule uliobaki. Hiyo ndiyo siri yote ya kujikunja: si joto, ni kutofautiana kwa kukauka.

Upepo unafanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, na upepo wa ziwa unaingia mjini. Unapiga kingo za karatasi kwanza. Kingo zinakauka, katikati bado mbichi, na katikati inapokuja kusinyaa inakuta kingo zimeshagoma, inafanya mawimbi. Kuanzia Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, hali ni mbaya zaidi. Wakati wa masika una tatizo la kinyume, karatasi haikauki siku tatu na ukungu unaanza.

Dawa ni mbili, uchague kulingana na unachokitaka. Ya kwanza ni kuibandika: ukishaikamua vizuri, itoe pamoja na kitambaa chake, igeuzie kwenye ubao laini, plaiwudi iliyopakwa vanishi au kioo, na uisugue mgongoni kwa brashi pana kuanzia katikati kwenda nje. Acha ikauke kivulini. Ubao unaishikilia isisinyae, na upande ulioshika ubao unatoka laini wa kuandikia. Isipobanduka, hukuikamua, ikibanduka yenyewe mapema, upepo umeingia, hamisha ubao.

Ya pili ni ya polepole. Panga karatasi zilizokamuliwa kati ya vitambaa vikavu, juu weka ubao na mawe (hapo mawe ya Mwanza yanatumika vizuri), kila siku badilisha vitambaa. Siku nne tano zinatosha. Inatoka laini pande zote, haina hata wimbi. Njia hii ndiyo inayookoa pia karatasi zilizokwisha jikunja: zipulizie maji kidogo, zipumzishe ndani ya mfuko wa plastiki nusu saa unyevu uenee, kisha ziingize kwenye mrundo.

Kuna njia ya katikati niliyoiba mwaloni. Kina mama wa dagaa wanaanika kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka chini, hewa inapita juu na chini sawasawa. Nikatengeneza kichanja kama hicho kwa karatasi nene za michoro, nikakiweka barazani. Kinafanya kazi. Onyo moja: usiazime kichanja kilichotumika. Nina bahasha sita hapa ambazo mpaka leo paka wa mtaa wanazifuata.

Sasa kama unabandika vizuri, unakamua vizuri, na bado karatasi inasinyaa mpaka inapasua kona zake ubaoni, rudi kinuni. Umetwanga mno. Nyuzi zilizotwangwa sana zinabeba maji mengi na kusinyaa mno. Utazitambua pia kwa kuwa fremu inachelewa kushusha maji na karatasi kavu inapitisha mwanga kama ya mafuta. Kwa kivuli cha taa inapendeza mno. Kwa daftari itakusumbua.

Nimetaja kukamua mara nyingi, niseme jinsi. Kusimama juu ya ubao kwa miguu hakutoshi, hata uwe na kilo 90. Mimi natumia jeki ya gari ya tani 10 ndani ya fremu ya chuma aliyoniunganishia fundi wa kuchomelea. Panda taratibu: pampu kidogo, subiri maji yatoke, pampu tena. Ukiharakisha, maji yanatafuta njia pembeni na kuzisukuma nyuzi. Utakuta karatasi zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

Madoa

Madoa ya chungwa au kahawia, madogo, yametawanyika: kutu. Inatoka kwenye wavu, msumari, ndoo, bomba la zamani, au maji ya kisima chenye chuma. Acha maji yalale usiku kwenye ndoo nyeupe, asubuhi utaona kama kuna kitu kimetua chini.

Njano inayoenea karatasi nzima baada ya wiki kadhaa dirishani: lignini iliyobaki, ile ile inayofanya gazeti lililosahaulika kwenye dashibodi liwe la rangi ya chai. Ulichemsha pungufu, au hukusuuza. Suuza mpaka maji yatoke meupe na vidole visiteleze. Utelezi wa magadi unaujua ukishafua nguo. Kuitia dawa ya klorini iwe nyeupe ni kujidanganya, inadhoofisha nyuzi na njano inarudi. Na usithubutu kuchanganya klorini na siki au ndimu, hewa inayotoka ni sumu. Mwenye kutaka karatasi ya kudumu anatia unga kidogo wa kalisi kaboneti kwenye rojo ili kuzuia asidi. Chokaa ya kupaka ukuta si hiyo, na chaki za shule nyingi ni jasi, si hiyo pia.

Vidoa vyeusi vyenye mabawa: hao ni wadudu wa ziwani. Mwezi ukiandama wanainuka juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi, wanakuja na upepo, na taa ya barazani inawaita. Karatasi mbichi kwao ni kitanda. Zima taa, au tandaza chandarua juu ya mbao usiku. Kuna mwanafunzi wangu aliyeziacha makusudi na kuziuza kama "karatasi ya ziwa". Ziliisha.

Petali za mapambo zinazotoa wino: za bogenvilia zinatoa rangi ya waridi siku ya kwanza, siku ya kumi ni kahawia. Tumia majani makavu.

Wino unasambaa

Karatasi ambayo haijapakwa kitu inanyonya kama kitambaa. Iache ikae wiki mbili ikomae, kisha ipitishe kwenye jelatini ya vuguvugu, gramu 20 hadi 30 kwa lita moja, au kwenye uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, vijiko viwili vya chakula kwa lita, uliochemshwa mpaka ukawa wa kioo. Ikamue polepole, anika. Wanga ni rahisi na upo kila duka, lakini mende nao wanaujua. Karatasi za kutunza nazipaka jelatini. Jaribu kona moja kwanza. Karatasi ikiyeyuka kwenye wanga, tatizo si wanga, rudi juu kabisa kwenye ukingo uliochanika.

Rojo linanuka

Kwa joto letu, rojo la siku tatu limeshaoza. Lichuje, lifinye liwe madonge kama ya ugali, lianike likauke kabisa. Litakaa mwaka, ila likiloweshwa tena litwange kidogo kurudisha nguvu. Likinuka kidogo tu, suuza utumie leo. Likiwa na utelezi na rangi ya waridi, mwaga shimoni. Maji ya magadi pia mwaga shimoni mbali na bustani na mfereji. Mto Mirongo una mizigo yake ya kutosha.

Mwisho, penseli. Kwenye kona ya karatasi moja ya kila mkupuo andika: malighafi, magadi, saa za moto, dakika za kinu. Na ukirekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Yule dada alibadilisha wavu na mahali pa kuanikia siku moja. Hata ingefaulu, asingejua ni kipi kimemsaidia.

Alirudi baada ya wiki tatu. Kachemsha saa tatu na nusu, kachanganya shuka, katwanga na mdogo wake kwa zamu. Akanipa karatasi moja. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena upande ule ule mpaka mara ya kumi. Haikukatika. Nikaipeleka dirishani.

"Haya madoa ya chungwa ni ya nini?"

Akainama, akatazama. "Maji nilichota na ndoo ya bibi."

"Ya plastiki?"

"Ya bati."